Maji Yakibadilika, Mama Atarudi

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali! Mwenyekiti wa klabu amekuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, nyuma ya chumba cha pampu, akamwambia Baba kwamba bwawa la kuogelea analolitunza litageuzwa liwe la chumvi. Wanachama wamechoka na macho mekundu na nywele kukakamaa kama ufagio. Baba alijibu tu, "Sawa, mzee," kana kwamba ameambiwa habari ya taa iliyoungua. Mwenyekiti alipoondoka, Baba alikaa juu ya ndoo ya klorini akacheka peke yake. Sijamwona akicheka tangu Mama aondoke.

Mama aliondoka Januari. Hakuondoka kwa ugomvi. Ugomvi ningeuelewa, vitabu vimejaa ugomvi. Aliondoka kwa kikohozi. Amefundisha watoto kuogelea hapa tangu kabla sijazaliwa, na bwawa letu ni la ndani, chini ya paa la bati, hewa yake inakaa kooni kama pilipili. Hoteli ya upande wa pili wa mji ikampa kazi, ikampa na chumba. Bwawa lao ni la chumvi. "Wacha nikapumzishe kifua," alisema. "Kikipona tutaona."

Kikipona tutaona. Nimeyageuzageuza maneno hayo mpaka yamechakaa.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Maji yakibadilika, Mama atarudi. Mdogo wangu (tunamwita Chura kwa sababu anaogelea vizuri kuliko anavyotembea) tayari amefua foronya ya mto wa Mama. Nimemwambia angoje hata mashine ya chumvi ifike kwanza. Hakungoja.

Jumatano, 5 Machi

Leo nilimtazama Baba akifanya kazi kabla sijaenda shule. Nilitaka kuikumbuka, maana itakwisha. Anachota maji kwa kichupa, anadondoshea dawa, anakiinua kwenye mwanga. Yakiwa njano hafifu, klorini ni kidogo. Anapima unga kwa kikombe chake cha bati, anaukorogea kwenye ndoo huku uso ameugeuzia pembeni, halafu anamwaga akizunguka ukingo polepole. Baadaye chujio, baadaye brashi ndefu. Kila siku ya Mungu. Anafanya bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Nguo zote za nyumba hii zina madoa meupe ya ule unga. Hata sketi yangu ya shule. Wasichana wa darasani huniuliza kama naifua kwa chaki. Huwa nafungua kitabu.

Baba anasema mashine ya chumvi inafanya kazi yenyewe. "Mimi nitakuwa bosi wa kutazama." Kisha akauliza, bila kunitazama, kama Mama alikohoa tulipoongea kwa simu jana. Nikasema hapana. Ni kweli, hakukohoa hata kidogo. Baba alifurahi. Na mimi nilifurahi. Nadhani.

Jumamosi, 8 Machi

Tumetoka kwa Mama.

Bwawa la hoteli liko nje, wazi, juu yake hakuna kitu ila mbingu. Maji ni laini, hayachomi macho. Chumvi yake ni kidogo sana. Chura aliyaonja (nilimkataza!) akatangaza kwamba ni kama machozi, hayajafika supu. Watoto wa wageni walicheka, naye akaonja tena.

Mama amenenepa usoni. Alikuwa akifundisha, na kicheko chake kilitufikia kabla hatujamwona. Hapa kwetu kicheko chake kilikuwa kikigonga bati kikarudi chini. Kule kilikwenda zake.

Nilikuwa nimepanga sentensi yangu njia nzima. Nikaisema: "Mama, bwawa letu nalo linakuwa la chumvi." Alikuwa anakamua kaptura ya Chura. Akaendelea kuikamua, ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Na madirisha?" akasema.

Sikuelewa.

"Yale ya juu, bwawani. Baba yako ameyafungua?"

Nikasema hayafunguki, yameshikwa na kutu.

"Najua yameshikwa na kutu, mwanangu. Nimeomba yafunguliwe tangu wewe uko mgongoni."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Baadaye aliniuliza habari za mtihani, nikamweleza habari za mtihani.

Jumapili, 9 Machi

Baba aliuliza Mama amesemaje kuhusu chumvi. Nikasema amefurahi. Chura alinitazama, akainamia sahani yake.

Alhamisi, 13 Machi

Mashine imefika, na fundi wake. Mtu wa maneno! Tangu asubuhi anamwita Baba "mzee wa unga." Alimwambia kile kikombe cha bati sasa akipeleke makumbusho, kiwekewe kioo na mlinzi. Baba akamjibu kwamba mlinzi atakuwa yeye fundi, maana kazi ya kukaa na kuongea anaiweza. Nilirudi kutoka shule nikawakuta wanacheka kama wamesoma pamoja.

Fundi alikwenda kula, nikasoma kijitabu cha mashine. Ukurasa wa pili nikakwama. Nikausoma tena. Kinasema mashine hii hutengeneza klorini kutokana na chumvi. Hutengeneza klorini!

Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Huwa siulizi watu nisiowafahamu. Niliandika swali kiganjani, kama ninavyofanya darasani, lakini fundi aliporudi jasho lilikuwa limelifuta nusu. Nikauliza hivyo hivyo, kwa sauti ndogo mpaka akasema, "Ongea, binti, mimi siumi."

"Kwa hiyo bado ni klorini?"

"Ile ile. Ulidhani chumvi inaua vijidudu peke yake? Basi tungeogelea kwenye mchuzi."

Akanionyesha. Ndani ya kile kisanduku kuna sahani nyembamba za madini. Maji ya chumvi yanapita katikati yake, umeme unapita kwenye maji, klorini inazaliwa. Tofauti ni kwamba inazaliwa kidogo kidogo mchana kutwa, badala ya ndoo nzima kwa mpigo, na hakuna mtu wa kuvuta vumbi la unga. Kwa hiyo maji yanatulia. Lakini kazi haikwishi, alisema. Sahani zitashika utando wa chokaa, utazisafisha kwa asidi iliyozimuliwa. Maji yatakuwa yanapoteza uchachu, utayapima. Ngazi za chuma zitaliwa na kutu upesi. Na ile harufu kali inayokohoza watu, kumbe si klorini yenyewe! Ni klorini iliyoshikana na jasho na mikojo ya waogeleaji, halafu ikakosa pa kutokea. Akainua kidole kuelekea paa. "Hapa penu hata mngeweka maziwa mngekohoa."

Chura akamuuliza kwa nini anamtazama yeye alipotaja mikojo.

Mimi sikucheka. Klorini ni ile ile. Kama ni ile ile, basi kule hotelini Mama amepona kwa sababu ya hewa. Kwa hewa tu. Kitu ambacho kingepatikana hata hapa, wakati wowote, bila mashine yoyote, kama mtu angemsikia.

Sijui kama nafuu ya namna hiyo inamrudisha mtu.

Jumanne, 18 Machi

Chumvi imemwagwa leo. Magunia na magunia, mpaka bega la Baba likawa jekundu. Mashine haiwashwi kwanza, pampu inazungusha maji mpaka chumvi yote iyeyuke. Chura aliogelea chini akatuletea taarifa kwamba kule chini kuna jangwa.

Tulipokuwa tunafagia chumvi iliyolala sakafuni, nilimwambia Baba. Sikupanga. Nilikuwa nimeshika brashi ndefu, macho nimeyaelekeza majini, na ni rahisi kusema kitu ukiwa unatazama maji. Nilimwambia kwamba Mama aliulizia madirisha.

Baba akasema madirisha yakifunguliwa maji yanapoa, na maji yakipoa wanachama wanalalamika. Alisema haraka, kama mtu aliyewahi kulisema jibu hilo mara nyingi. Kisha akasimama.

"Alisema madirisha?"

"Anasema aliomba tangu niko mgongoni."

Alivuta brashi yake, akaisukuma tena.

"Nilijua anaongea," akasema. "Nilidhani anaongea tu."

Ijumaa, 21 Machi

Mama anakuja kesho. Alipiga simu mwenyewe! Anataka kuliona bwawa. Chura amezunguka nyumba nzima akiimba. Baba amenyoa ndevu leo, siku moja kabla, kana kwamba uso unahitaji muda wa kuzoea.

Leo hakuna shule. Nilimkuta Baba amekaa kwenye ukingo wa bwawa, kichupa mkononi. Maji ya kichupa hayakuwa njano. Yalikuwa rangi ya chungwa, yanaelekea kahawia. Kando yake palikuwa na ndoo tupu na kile kikombe cha bati.

Alikuwa ametia unga. Mashine inafanya kazi tangu jana, klorini inazalishwa vizuri, naye alfajiri akaamka, akapima unga, akakoroga, akazunguka ukingo, akamwaga. Alikumbuka alipofika kona ya mwisho. Mikono ilitangulia, kichwa kikafuata. Alininyooshea tu kichupa, kama mtoto anavyomwonyesha mwalimu daftari.

Harufu ilikuwa inakata pua. Na Mama anakuja kesho!

Nikakimbilia kijitabu. Tulizima ile mashine ya kutengeneza klorini, pampu tukaiacha izunguke. Tukatoa sehemu ya maji kwenye mtaro, tukafungulia maji mapya. Halafu tukabaki tunatazamana, kwa sababu kilichobaki kilikuwa juu, tena kilikuwa kinajulikana.

Baba alileta ngazi. Mafuta, nyundo, tindo. Dirisha la kwanza lilikataa, akaligonga pembeni, kutu ikamwagika kichwani mwake kama pilipili manga, likaachia kwa mlio wa mbuzi. La pili. La tatu. La mwisho kioo kilivunjika, Baba akasema neno ambalo sitaliandika. Mimi na Chura tulishika ngazi huku chini.

Halafu upepo ukaingia. Sikuwahi kujua kwamba mle ndani mlikuwa na giza. Maji yalikuwa yanacheza, mwanga ulikuwa unakimbia ukutani, na Chura alisema, "Kumbe kule nje kuna mti!" Anaishi hapa tangu azaliwe.

Baba alishuka. Alisimama muda mrefu shingo ameikunja nyuma, nyundo bado mkononi, kidole kinatoka damu. Sijui kama alijua namsikia.

"Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja," akasema.

Nilikwenda kuleta kitambaa cha kidole. Nilikaa kidogo jikoni kabla ya kukipeleka.

Jumamosi, 22 Machi

Niko jikoni. Naandika kwa sababu siwezi kusimama pale na Baba na Mama, na kutoka dirishani nawaona kupitia mlango wa bwawa ulio wazi.

Maji yamekaa sawa. Baba alipima tangu mapema, akapima tena, akaniomba mimi nipime. Njano nzuri, ya kati. Amewasha mashine. Hakuna harufu, hakuna kabisa. Hewa inaingia huku inatokea kule.

Mama amekuja na mkoba mdogo wa begani. Ndio huo tu. Alibisha hodi. Chura alicheka, akadhani ni mzaha, akamvuta mkono mpaka ndani.

Hakuja na nguo za kuogelea. Aliinama, akazamisha mkono majini, akaunusa. Kisha akainua macho juu na akaona. Alitazama madirisha yote mpaka lile lililovunjika. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, ni kweli, nilikuwa nasikiliza kifua chake kama daktari. Hakikukoroma. Hakukohoa. Kila kitu tulichokitaka kimetokea.

"Umefanya kazi," akamwambia Baba. Kwa upole. Macho yalikuwa yamelowa, naapa. Baba alifungua kinywa, na nilijua kuna kitu anataka kusema, kilimfika mpaka kwenye midomo. Akasema, "Ngoja nikuonyeshe mashine."

Sasa anamweleza. Sahani, utando, asidi, jinsi ya kuzimua. Kisanduku kizima amekifungua. Anaeleza vizuri, sijawahi kumsikia akieleza kitu kwa urefu hivyo. Mama anasikiliza kichwa kimeinama upande, anauliza maswali mazuri. Hivyo ndivyo anavyowasikiliza wazazi wa wanafunzi wake. Mkoba bado uko begani.

Chura ametandika kitanda. Ameweka mto wenye foronya safi, ameupapasa mpaka ukakaa sawa, sasa yuko mlangoni mwa jikoni. Ameniuliza kama Mama atakula kwanza au atalala kwanza. Nimemwambia sijui. Amesema basi akamuulize. Nimemshika shati.

Baba ananiita. Sauti yake ni ya kuwaita wanachama, ile ya adabu.

"Binti yangu, mletee mama yako kiti."

Kiti. Kama mgeni.

Mama hajasema hapana. Amesimama tu kwenye ukingo wa bwawa alilofundishia maisha yake yote, anangoja kiletwe. Kiti kizuri kiko chumbani, kimebeba nguo za kupigwa pasi. Itabidi niziondoe kwanza, moja moja, polepole, maana nikishafika nacho pale na akikaa—