Kabla Hujaketi, Simama Ujibu Kuhusu Maji ya Bwaise

Kwa jina la Mungu ajuaye yaliyomo mioyoni, ambaye mbele yake hakuna profesa wala katekista.

Ndugu yangu Bonaventura,

Amani ya Kristo iwe kwako huko Nairobi, na kwa mama watoto na wanao. Sisi tuliobaki Nsambya tungali hai kwa rehema zake. Utawala wa wanajeshi umeanguka, na sasa nasikia chuo kikuu kinakuita urudi uongoze idara yako. Wanakutaja kama mtu aliyeteseka kwa ajili ya ukweli. Niliposikia neno hilo niliweka kikombe cha chai mezani, nikashindwa kuendelea kunywa.

Unaikumbuka seminari yetu, na desturi ya darasa la Padre mzee? Aliyesoma insha yake mbele ya wenzake alibaki amesimama mpaka swali la mwisho lijibiwe, na hakuketi mpaka Padre aseme, "Keti." Siku ile ulisoma kuhusu mafuriko ya mto ambao hujawahi kuuona. Padre akakuuliza, "Umeyaona mwenyewe?" Ukajibu, "Hapana, Padre. Nilisimuliwa." Tukakucheka mpaka machozi. Padre akasema, "Mchekeni, lakini huyu ndiye atakayekuwa msomi." Kisha akakuambia uketi. Nilikuonea wivu mwaka mzima.

Mimi nilibaki na katekisimu, wewe ukapanda hadi juu kabisa. Sikuacha kujivunia. Ulipokuja misheni siku ile na chupa zako za utafiti, nilikukaribisha kama nimkaribishavyo askofu. Ulikuwa umetumwa kupima maji ya chemchemi ya Bwaise, ambayo mabwana afya walikuwa wameizungushia ua ili watu wasiinywe baada ya mafuriko. Wakubwa wa jeshi hawakuupenda ua ule. Walisema unaitia serikali aibu.

Ulikunywa chai, ukaenda kwenye bomba la misheni, ukaanza kujaza chupa.

"Na Bwaise?" nilikuuliza.

"Askari wameweka kizuizi Bombo Road, Katekista. Unataka nikafie kwenye matope?"

"Lakini haya ni maji ya bomba letu."

"Maji ni maji," ulisema ukicheka, ukafunga kizibo.

Nilidhani ni mzaha. Nilidhani kizuizi kikiondolewa utakwenda. Kisha ukanialika ukumbi wa chuo nikusikilize, nikavaa koti langu la Pasaka. Ukasoma kwamba umepima chemchemi ya Bwaise na maji yake ni salama. Ulipomaliza, ukaketi. Bonaventura, uliketi kabla ya maswali! Nilishtuka kama niliyeona mtu anavuta sigara altareni.

Maprofesa wenzako walitazama viatu vyao. Wengi wao nao walikuwa wamepanda vyeo kwa kazi za namna hiyo, hivyo hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumuuliza mwenzake. Aliyenyanyuka ni Mwalimu Perpetua, mhadhiri wa idara yako.

"Samahani, Profesa. Ulichota lini? Maana mimi nakaa Kyebando, napita kando ya Bwaise kila siku, na kizuizi kingalipo."

Hukusimama. Ulimjibu umekunja nne. "Binti, unaniuliza mimi au unaiuliza serikali?"

Watu walicheka, kicheko cha watu wanaotafuta mlango. Yeye hakucheka. Wiki ile ile gari lisilo na namba lilisimama mbele ya nyumba yake Kyebando, na mpaka leo mama yake anapika chakula cha watu wawili. Sisemi kwamba ulimshtaki. Nasema sentensi yako ilitosha.

Ua ulibomolewa. Watu wa Bwaise wakachota, wakanywa, wakaanza kuhara na kutapika. Mama Zawadi, Mkongomani auzaye mihogo ya kukaanga, alimleta binti yake hospitali ya Nsambya mgongoni. Mtoto alikuwa amekwisha kukata roho njiani, na mama hakujua. Tulipotoka makaburini akanishika mkono.

"Mukatekista, wakubwa ya chuo walisema maji iko safi. Sasa Zawadi yangu iko wapi?"

Nilikuja kwako na swali lake. Ukafunga mlango wa ofisi, ukaninong'oneza, "Unataka niuawe?" Muda mfupi baadaye ulivuka mpaka kule Busia, ukahesabiwa pamoja na waliofukuzwa na jeshi.

Hofu yako naielewa, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nimelala chini ya kitanda nikisikia buti barabarani. Hakuna Mkristo angekulaumu kwa kutofika Bwaise. Lakini ungeweza kuandika neno moja: sikufika. Neno hilo ulilijua ukiwa kijana wa seminari mwenye kaptula iliyochanika. Elimu yote uliyoongeza baadaye ndiyo iliyokusahaulisha?

Andiko lako lingali kwenye maktaba ya chuo. Wanafunzi wanafundishwa kwalo, na kila tukiomba chemchemi ifungwe tunaonyeshwa sahihi yako. Basi rudi. Sikuzuii. Ila kabla hujakikalia kiti cha idara, nenda ukumbi ule ule, simama, useme maji yale yalitoka wapi, na uliondoe andiko kwa mdomo wako mwenyewe. Mama wa Perpetua atakuwepo. Mama Zawadi nitamweka kiti cha mbele, naye ataruhusiwa kuuliza mpaka achoke.

Padre wetu hayupo tena wa kukuambia uketi. Siku hiyo atakayesema ni Mama Zawadi. Asiposema, utabaki umesimama, nami nitasimama kando yako, kwa kuwa ungali ndugu yangu.

Mungu aibariki nyumba yako, amlinde mama watoto, na awajalie wanao maji safi katika kila kikombe watakachoinua.

Ndugu yako wa seminari,
Katekista wa Nsambya