Ndovu Mwenye Nyusi Zako

Mpendwa Baba,

Ndovu wako ameongea. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: barua ikianza na habari za mvua na salamu za majirani ungeikunja ukampa Mama amalizie. Ameongea Jumamosi iliyopita, hapa hapa nyumbani Marungu, juu ya meza ya Mama, na mtu wa kwanza kumsikia alikuwa Mzee Wafula, ambaye hasikii kitu. Ngoja basi nikusimulie polepole, maana nina furaha na sitaki kuruka hata kipande.

Unajua mwenyewe yote yalianzia kwenye ile mashine. Wewe na Mzee Wafula mlisimama pande mbili za mashine ya mkonge miaka nenda miaka rudi, wewe Mtaita wa hapa hapa, yeye aliyetoka Bungoma kuja kutafuta kazi shambani, na mashine ile ilinguruma hata mtu akikupigia kelele sikioni huambulii kitu. Kwa hiyo kiwandani mliongea kwa midomo. Mdomo ulifunguka mpana, kila silabi ikapewa nafasi yake, nyusi zikapanda na kushuka, na aliye upande wa pili akajua kama unamwuliza, unamtania, au unamwonya kwamba nyapara anakuja. Masikio yenu yalipokwisha kidogo kidogo, hamkupotea. Mlikuwa mmeshazoea kusikia kwa macho.

Nakushukuru kwamba lugha ile uliileta nyumbani. Mama aliweza kukugombeza akiwa mlangoni mwa jikoni na wewe uko kule zizini kwa mbuzi, na jirani asijue kuna vita. Kanisani uliketi upande huu, Mzee Wafula upande ule, mkawa mnapiga soga mahubiri yote, kimya kabisa, mpaka siku mliyoangua kicheko katikati ya maombi na mchungaji akafungua macho. Mama alikataa kukutazama hadi jioni. Kwetu, mtu akikataa kukutazama ndiyo amekununia kweli kweli.

Na mimi nilidhani watu wote duniani wanaishi hivyo! Siku yangu ya kwanza nasari mwalimu aliniuliza jina, nikamjibu vizuri tu: midomo mipana, nyusi juu, sauti hakuna. Akauliza tena. Nikamjibu tena, polepole zaidi, nikidhani maskini ana shida ya macho. Mama alipokuja kunichukua, mwalimu alimshika mkono kwa huruma.

"Pole sana, mama. Mbona hukuniambia mtoto ni bubu?"

Mama alicheka njia nzima. Wewe uliposimuliwa ulinipandisha begani ukanizungusha uwanjani, ukiwaambia mbuzi wote kwamba binti yako ni mtu wa kiwandani.

Kwa hiyo nilipomaliza masomo yangu Mombasa, nikarudi Voi, nikapanga chumba mtaa wa Kaloleni na kukwambia kwamba kazi yangu ni kufanya wanyama waongee kwenye kompyuta, wewe hukuona ajabu yoyote. Wengine waliniuliza hiyo ni kazi gani na inalipa nini. Wewe uliuliza swali moja tu.

"Wanaongea na midomo, ama sauti inapita tu kama redio?"

Baba, swali lile limenitesa! Lakini limenilea pia.

Katuni ya kwanza niliyotaka kutengeneza kwa jina langu ilikuwa hadithi yako ya ndovu. Ile ya ndovu aliyekuja kiwandani kuomba kazi. Nyapara anamfokea, ndovu anamtazama tu, nyapara anadai kitambulisho, na ndovu anachongoa midomo kuelekea chini, kwenye nyayo zake zilizojaa shamba zima, anamjibu, "Nimekiacha kila mahali." Uliisimulia kwa uso mtupu, bila sauti hata kidogo, na ukifika hapo kwenye nyayo unasonta kwa midomo kama sisi sote tunavyosonta, tulikuwa tunalia kwa kicheko. Niliitaka hiyo. Nilitaka mtu aione na sauti imezimwa na bado acheke pale pale.

Ndipo ulipogeuka mkaguzi wangu. Nilikuwa nikijaribu programu mpya mjini, natengeneza kipande kifupi cha ndovu, kisha nakuletea Jumamosi. Unaketi kwenye kigoda, unavaa miwani, unakunja uso kama nyapara mwenyewe.

Kile cha kwanza nilikifanya na programu inayosikiliza sauti yenyewe. Unaipa maneno uliyorekodi, nayo inachagua midomo: hapa wazi, hapa duara, hapa meno. Kazi ya siku nzima inaisha kabla chai haijapoa. Nilikuja mbio, nikijisikia fundi. Ulitazama mara moja, ukanigeukia.

"Wee Wakesho, huyu anaongea ama anakula uji?"

Nikatazama tena kwa macho yako, nikaona. Programu ile imefundishwa na lugha za watu wengine. Inajua kupanua na kufumba, lakini maneno yetu yakianza na midomo iliyofungwa, kama mbuzi na mvua na mpaka, inapita juu juu bila kuipa ile m nafasi yake. Na kutoka puani kwenda juu uso umekufa. Ndovu anauliza swali kwa paji la uso lililolala usingizi! Uliipa jina la Kasuku, na jina hilo limeenea hadi kwa wenzangu wa kazi mjini, ingawa hawajui nani aliyelibuni.

Halafu nikaleta Kioo. Hii haisikilizi, inatazama. Unaiweka simu mbele ya uso wako, kamera inafuata nyusi, kope, mashavu na mdomo, na chochote unachofanya mnyama naye anafanya. Baba, naomba ukumbuke alasiri ile. Nilikuketisha karibu na dirisha kwa sababu Kioo kinataka mwanga mzuri, nikakwambia usimulie. Ukainua unyusi mmoja kidogo tu, kwa kujaribu. Na ndovu kwenye kompyuta akainua wake.

Ukainua mwingine. Naye akainua. Ukamkonyeza, akakukonyeza. Hapo mkaanza kucheka wote wawili, wewe na ndovu, na kadiri ulivyomwona anacheka ndivyo ulivyozidi, mpaka machozi yakakutoka, mpaka Mama akaja na mikono yenye unga kuuliza kuna nini, akamwona ndovu anatikisa mashavu kama yako, naye akaketi chini pale pale. Sijawahi kuona nyumba yetu imefurahi namna ile. Hadithi ukaisimulia yote, mwanzo hadi mwisho, na mimi nikaihifadhi.

Lakini ukaguzi ni ukaguzi. Tulipoitazama tena ulikunja uso. Nyusi zilikuwa sawasawa, hilo ulikubali. Tatizo likawa kusonta. Waliounda programu ile nadhani huonyesha vitu kwa vidole, kwa sababu ulipochongoa midomo kuelekea kwenye nyayo, Kioo kilipoteza mdomo kabisa; kikaupeleka shavuni, kikaurudisha, kikaamua unabusu mtu. Ndovu anaombwa kitambulisho, naye anambusu nyapara! Ulinitazama kwa masikitiko makubwa.

"Huyu hatapata kazi," ukasema.

Nikakwambia imebaki njia moja, ya kuchora kwa mkono, mdomo mmoja baada ya mwingine, na nyusi, na kope, kila kitu mwenyewe. Programu hiyo haikusaidii kitu. Inakupa kalamu na kukutakia heri. Ukaiita Jembe kabla hata sijaiwasha. Nikalalamika kwamba itanizeesha. Ukanijibu kwamba mgongo ninao. Nikaanza kulima, na kosa la kwanza uliliona wewe: nilimchora ndovu vizuri sana, kama wale wanaotoka mbugani kuja kwenye mahindi yetu, na mkonga wake ukaning'inia mbele ya mdomo.

"Sasa ataongeaje na pazia? Mwambie ainue mkonga."

Basi ndovu wetu kila akitaka kusema neno anainua mkonga kwanza, kama Mama anavyoinua pazia la mlango kuchungulia nani amekuja. Nani mwingine angelifikiria hilo?

Jembe lile hatukulimaliza pamoja. Ulitutoka mimi bado niko kwenye sentensi ya pili ya nyapara.

Nitakwambia ukweli wangu wote, Baba. Nilipoweza kufungua tena kompyuta, nilichokiogopa hakikuwa kazi. Niliogopa kwamba hakuna tena wa kunikagua. Naweza kuchora mdomo usiku na mchana, lakini mimi nasikia. Hata nikizima sauti nayajua maneno tayari, kwa hiyo macho yangu yananidanganya. Wenzangu waliniambia nimalizie na Kasuku tu, watu watasikia sauti, nani atatazama midomo? Ni watu wazuri na hawakukosea kuhusu watu wengi. Ila nilijua nikifanya hivyo, hadithi yako itageuka redio. Ile namna yako ya kuisema ingekwisha nawe, na mimi ndiye ningekuwa nimeifungia mlango.

Siku moja nikafungua kile kipande cha Kioo ulichosimulia karibu na dirisha. Sikuwa natafuta kitu, nilikukumbuka tu. Picha yako haimo mle, wala sauti. Kioo huhifadhi mwendo peke yake. Kulikuwa na ndovu mtupu wa kijivu, hana rangi, na nyusi zako zikienda juu yake. Nikacheka peke yangu chumbani. Kisha nikaacha kucheka, nikasogea karibu.

Nyusi zilikuwa nzima. Kioo kiliharibu mdomo, lakini juu ya pua hakikugusa kitu. Unapouliza, unapongoja jibu, unapojifanya mjinga mbele ya nyapara, yote yamo. Nikaufuta mdomo wote wa Kioo, nikaacha nyusi na kope na mashavu, na chini yake nikalima na Jembe. Kasuku nikampa kazi anayoiweza: kuniwekea alama mahali neno linapoanza na linapoishia, mimi nichore katikati. Watu wakiniuliza siku hizi programu gani ni bora, najibu zote tatu, mradi uikataze kila moja kufanya kazi ya mwenzake. Wanadhani hilo nimelisomea chuoni.

Nikamaliza. Nikaja Marungu. Mama akamtuma mtu akamwite Mzee Wafula.

Amezeeka, Baba, ila bado ananyoa vizuri na bado anaingia kwetu bila hodi kwa sababu anasema hodi yenyewe hataijua imejibiwa. Nikazima sauti, ambayo kwake haina tofauti, lakini kwangu ilikuwa lazima. Mama akasimama nyuma yangu. Nikaiwasha.

Akatazama. Nyapara akafoka. Ndovu akainua mkonga akaomba kazi, Mzee Wafula uso mkavu. Nikaanza kuona makosa kila mahali. Mdomo ule mpana mno, ule umechelewa. Nyapara akadai kitambulisho. Ndovu akachongoa midomo kuelekea chini.

Mzee Wafula akapiga paja lake kofi. Akacheka kile kicheko cha kanisani, kichwa nyuma, mpaka kuku wakatawanyika mlangoni. Mama akanikumbatia kutoka nyuma kwa nguvu. Alicheka pale pale, Baba. Pale pale!

Kisha akaacha kucheka, akainamia kompyuta. Ndovu mwishoni anabaki peke yake, anainua unyusi mmoja kwa mtazamaji, kama ulivyofanya ukimaliza. Mzee Wafula akautazama unyusi ule kwa muda. Akanigeukia, akaniuliza kwa midomo, bila sauti.

"Hizo nyusi umezitoa wapi?"

Nikamjibu kwa midomo, "Ni za Baba."

"Nimejua. Mwongo yule." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na kicheko kimemrudia. "Hakukuwa na ndovu hata siku moja. Tulikuwa na punda wa kubeba maji."

Mama akasema kwa sauti kwamba ameishi na hadithi hiyo maisha yake yote na leo ndiyo anaambiwa. Mimi nikanyoosha mkono nifunge kompyuta, chai ilikuwa tayari. Mzee Wafula akanishika kiganja.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Sijamaliza kuongea naye."

Nikairudisha. Tukamwachia meza. Tulikunywa chai yetu jikoni, mimi na Mama, na kupitia mlango tukamwona anamjibu ndovu, midomo mipana, nyusi juu, mkono ukisukuma hewa kama zamani alipokuwa na jambo la kukubishia. Hatukutazama alichosema. Hayo yalikuwa yenu wawili.

Lala salama, mkaguzi wangu. Mbuzi wako wazima, Mama mzima, na mimi nina furaha kuliko ninavyoweza kuandika. Barua hii nimekusomea yote kwa midomo, uso umeelekea zizini ulikozoea kusimama, bila sauti.

Binti yako, mtu wa kiwandani,
Wakesho