Safu ya Juu Ukutani Kwetu

Mpendwa Baba,

Juzi tulipaka rangi sebule, kama tulivyofanya nawe kila Desemba, na mimi ndiye niliyeteremsha picha. Mama alisema hawezi. Nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, niko tu nyumbani hapa Ziwani, kwa hiyo hakuna aliyesikia niliposema kwa sauti ndogo kwamba hata mimi siwezi.

Unakumbuka siku nilipomzika Nyanya? Nilikuwa darasa la tatu. Wewe ulikuwa karakanani ukichonga twiga wako, nami nikapanda kiti, nikamtoa mama yako safu ya chini na kumpeleka safu ya juu, karibu na Babu, kwa sababu gauni lake la maua lilipendeza kule. Sikujua kwamba safu ya juu ni ya marehemu na ya chini ni yetu tulio hai. Hukuwa hata umegundua Nyanya alipofika kutoka Machakos kula Krismasi. Aliketi, akainua macho, akaweka kikombe chini.

"Mutua, mmenizika lini? Mbona sikualikwa?"

Ulicheka hadi ukashika mlango. Mama Atieno, jirani yetu, naye akadakia: "Na mimi jirani yenu wa karibu hivi, hata chai ya matanga sikunywa!"

Nilikimbilia jikoni. Ulinifuata, ukachuchumaa mbele yangu. "Usilie, Mueni. Kule juu si pabaya. Ila mtu hapandi mpaka aitwe."

Wewe uliitwa Aprili. Lakini hadi juzi picha yako ilikuwa bado safu ya chini, kati ya Mama na mimi, umevaa koti lako la kijivu. Watu wa matanga waliona, wakanyamaza. Nasi tukanyamaza. Ila ukuta ukishapakwa rangi huwa mtupu, na lazima mtu aamue.

Baba, nataka kukuambia nilichokiona. Miaka yote nilidhani picha zetu zimeinama mbele kwa sababu kamba zimechoka. Nilipozishusha ndipo nikaiona kazi yako. Kila fremu, uliyoichonga kwa mabaki ya mti wa muhugu, imekalia misumari miwili, na juu imeshikwa na kamba. Kamba za safu ya chini ni fupi kama kidole. Za juu ni ndefu, karibu shubiri nzima. Rangi ilipokauka nilimrudisha Babu peke yake, nikaketi kwenye kochi. Alikuwa ananitazama machoni. Nikasimama, akaniacha, akatazama kochi. Nikaketi tena, huyo hapo.

Kwa hiyo aliye juu zaidi ulimwinamisha zaidi, ili amwone aliyeketi. Ulipima hayo yote kwa jicho, ukafunga mafundo, kisha ukaenda zako kazini bila kusema neno. Nimelala na kuamka chini ya kazi hiyo miaka kumi na minane na sikuijua. Ni nini kingine ulichokifanya humu ndani ambacho bado sijakiona?

Mama alinikuta nimeshika picha yako.

"Mrudishe alipokuwa," akasema.

Nikaikumbatia picha kifuani. Unajua nilivyo.

"Nyanya yako anakuja Jumamosi. Utamwonyesha mwanawe juu, yeye mwenyewe yuko chini?"

"Akimkuta chini na sisi, Mama, ataona tunamdanganya."

Sijawahi kumjibu Mama hivyo. Alinitazama kana kwamba kiti ndicho kimesema, akarudi uani kufua.

Nikapanda. Msumari wa kwanza ulipinda. Kwenye wa pili nyundo ilinipata kidole gumba, na nikashukuru kuwa na sababu ya kulia. Nilikufungia kamba ya shubiri moja, shubiri yangu, maana yako siwezi kuipata tena. Nikakuweka karibu na Babu. Nilijiona kana kwamba nimeingia mahali ambapo watu huvua viatu.

Niliposhuka, Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, povu la sabuni hadi viwikoni. Sijui aliingia saa ngapi. Alikutazama kwa muda mrefu. Nilingoja aniambie nikushushe.

"Legeza kamba kidogo," akasema. "Bado hajatufikia."

Nikapanda tena, nikalegeza kwa upana wa kidole, nikamtazama. Akatikisa kichwa. Nikalegeza tena. Hapo aliinua mkono ulio na povu kuniambia basi, na mkono ukabaki vilevile hewani, kama mtu anayemwamkia mwenzake aliye ng'ambo ya barabara.

Niliondoka polepole nikaenda kumalizia nguo.

Pumzika huko uliko, Baba. Mafundo nimeyakaza.

Binti yako,
Mueni