Hamira Ina Njaa

Baba Sia,

Nimekwenda Katonga kwa wavuvi kununua migebuka. Chai iko kwenye chupa.

Ile ndoo ya pombe ya asali usiimwage. ~~Ukitaka, imwage.~~ Usiimwage, ni ya wakwe wa Sia watakaokuja mwezi ujao.

Harufu ya yai viza uliyoisikia asubuhi si uchafu. Asali ni sukari tupu, haina kingine cha kuilisha hamira, kwa hiyo hamira ina njaa. Chemsha vijiko viwili vya hamira ya mkate kwenye kikombe cha maji, dakika kumi, mpaka ife. Iache ipoe kabisa, kisha imimine ndooni ukoroge taratibu. Iliyo hai itakula iliyokufa, na kesho povu litarudi. Mfuniko usiukaze.

Kusema mbele ya shemeji Meshack kwamba mkono wa marehemu mama yangu sikuurithi, hapo uliniumiza. Basi ujue kwamba pombe ya harusi yetu, aliyoipika yeye, iliharibika. Mama aliimwaga migombani huku akilia, akaniapisha nisikwambie. Ndiyo maana wajomba zako walikunywa soda.

Mama Sia