Kipimo cha vidole vinne

Shoga, leo nimeaibika dukani.

Nilikwenda kuchagua kiegemeo cha kupanda na kushuka, kile kinachofungwa chini ya bunduki ya upepo, mkono wa kushoto ukishike wakati wa kulenga shabaha. Si nilikwambia bunduki ya marehemu mume wangu nitaipiga mwenyewe?

Fundi akauliza, "Tukipandishe kiasi gani?" Nikajibu palepale, "Vidole vinne."

Vinne! Kipimo cha marehemu hicho, nilikuwa nikimfungia mimi kila Jumamosi.

Akakifunga hivyo. Nikainua bunduki, mtutu ukatazama dari. Fundi akacheka, "Mama, unawinda popo?"

Nikamwambia mwenye kipimo amefariki. Akanipa bisibisi. "Basi jipimie wewe."

Viwili tu vikanitosha. Shoga, watu walimzika mwezi wa tatu. Mimi nimemzika leo.