Ati Niliteleza

Jumamosi, Mei 1934. Mvua, na baridi ya kuuma vidole.

Sikio langu la kushoto lilikufa Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba cha wagonjwa wa akili cha hospitali ya shamba la chai. Leo ni siku ya tano. Upande huo nasikia nyuki tu.

Nimechoka hata kushika kalamu.

Makori, mchuma chai, aliletwa akibishana na watu wasioonekana, kikapu kimejaa majani mgongoni. Daktari ametufundisha hivi: mgonjwa aliyechanganyikiwa aendewe na mtu mmoja tu, asije akaogopa. Nikaingia peke yangu. Nikamvua kikapu.

Hapo nilikosa, sitajificha. Kabla ya kuanza kujifunza udresa, kazi hii ya kufunga vidonda na kuhudumia wagonjwa, nilichuma chai miaka miwili. Najua kikapu cha mtu hakiguswi kabla ya mizani. Anayekigusa ni mwizi. Ningemwita karani apime kwanza.

"Rudisha majani yangu!" Makofi matatu. La tatu ndilo lililoua sikio.

Hii ni mara ya nne kwa wiki sita: mimi mbili, mwenzangu Koech mbili. Hakuna hata moja iliyoandikwa kuwa tulipigwa. Safari hii Daktari ameandika kwenye kitabu changu cha mafunzo: aliteleza kwa uzembe. Mwanafunzi mzembe hurudishwa kwao. Na mimi kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari. Nirudi wapi?

Koech ananitania. "Owuor, nikitaka kukusengenya nikae upande huu, sivyo?" Nilicheka. Nilipomwomba aseme alichokiona Jumanne akiwa amesimama mlangoni, akatazama viatu vyake. "Ndugu yangu, hata mimi nina mtihani."

Jana nilimpelekea Makori uji. Ametulia sasa.

"Daktari mdogo, ni mimi nilikupiga?"

"Ni wewe."

"Pole. Majani yangu yalipimwa?"

Hayakupimwa. Yameozea nyuma ya jiko, na sikuwa na uso wa kumwambia.

Lakini hiyo pole ndiyo ya kwanza niliyopewa tangu Jumanne.

Basi nimemwandikia Daktari mistari mitatu, ataipata kesho. Swali ni moja, na nataka jibu Jumatatu kabla ya kengele ya kazi: nilipigwa, au niliteleza? Neno moja linatosha.

Na alitamke akiwa amesimama upande wangu wa kulia.