Jina la Mzee Rwekaza

Biharamulo,
11 Agosti 2024

Mpendwa dada Zulfa,

Shikamoo. Mimi na wanangu hatujambo, ila Ildefonsa ana mafua ya vumbi. Vipi hali yako huko Tabora, na shemeji, na ule mguu? Mama yangu kule Ntobeye anakusalimu. Bado anauliza yule Mwislamu anayependa maharage yake ataenda tena lini.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ningeikata kabla sijasema. Mimi mwoga, unanijua.

Ni habari ya kaburi la baba yako. Wiki mbili zilizopita Ustadhi Nyanda alikuja kutoa kopi hapa dukani, akaniuliza taratibu ni nani aliyechapa maandishi ya Kiarabu ya kile kibao cha marumaru. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi. Akasema jina halisomeki. Herufi zote zipo, alisema, hakuna hata moja iliyopotea, lakini zimeanzia kushoto na kila moja imesimama peke yake, kama watu waliogombana. Kumbe Kiarabu huanzia kulia, na herufi zake nyingi hushikana. Mimi Mkatoliki wa Ngara ningejuaje? Niliona mikunjo na nukta, nikaridhika.

Nilimpigia mwalimu wangu wa kompyuta, akanieleza. Ndani ya kompyuta hakuna herufi, kuna namba tu. Kila herufi imepewa namba yake, iwe yetu, ya Wachina au ya Waarabu. Uliponitumia jina kwa simu, namba zilifika salama. Lakini ile programu yangu kuukuu haijui kwamba herufi ya Kiarabu hubadili umbo kwa kufuata jirani yake. Ikazipanga jinsi inavyopanga jina langu.

Hebu fikiria, dada. Mzee Rwekaza aliyefundisha nusu ya madrasa za mji huu, aliyekuwa akimrudisha mtoto aandike upya kwa sababu ya nukta moja, amelala chini ya jina lisilosomeka. Wanafunzi wake wanapita pale, wanaona, wananyamaza kwa kukustahi. Nina aibu sana.

Ningeishia hapa ungenisamehe, ungesema kosa ni la kompyuta. Si la kompyuta. Wiki mbili kabla hajafariki, mzee alikuja dukani na fimbo yake, akanipa karatasi ya daftari aliyoandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Alisema kaburini hataki makuu, jina tu, ila lichongwe kutoka kwenye ile karatasi. Nikaahidi. Wewe uliponitumia jina, karatasi ilikuwa kwenye droo yangu, nami nilijua. Kuinakili kungenichukua nusu siku, na shule zilikuwa zinasubiri mitihani yao. Nikajiambia kompyuta itaandika vizuri kuliko mkono wa mzee anayetetemeka. Wala sikuifungua ile karatasi. Ukanishukuru kwa simu ukilia, nami nikapokea shukrani zako.

Sasa nimeinakili. Ilinichukua siku mbili, si nusu siku. Fundi amechonga kibao kipya, na Ustadhi Nyanda alikisoma mara moja tu, kwa sauti, akasema huu ndio mwandiko wa mwalimu wake, hata ile nukta aliyokuwa akiiweka juu mno. Kibao kipo dukani, nimekifunika kwa kitenge. Sitakipeleka makaburini mpaka uniruhusu, maana kaburi ni la baba yako, na aliyevunja ahadi ni mimi. Ukiniambia nisiguse kaburi lake tena, nitakuelewa, nitampa Ustadhi akipeleke yeye.

Nisalimie shemeji na wote wanaonijua. Wasionijua usiwaambie bado.

Karatasi yenyewe naiweka humu ndani, ni yako. Itazame vizuri, dada. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Mdogo wako,
Tecla Ntakirutimana